Kwa nini Khlestakov wa kisasa hachekeshi

Ukiona Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tamthilia ya Mrusi Nikolai Gogol, imefanywa ya kisasa na watu hawacheki, mtazame kwanza Khlestakov, mpita njia ambaye maafisa wa mji wanamdhania mkaguzi. Wengi humgeuza tapeli mwenye mpango. Hana mpango wowote! Ni kijana mwenye njaa, anadaiwa hotelini, na anauamini uongo wake akiwa bado anausema. Gogol mwenyewe alilalamikia kosa hilo baada ya onyesho la kwanza, St. Petersburg, 1836.

Simu na suti huingia bila shida. Cha kuchunga ni hesabu za rushwa anazopewa kama mkopo, tendo la nne: mkuu wa posta anatoa rubo 300, mkaguzi wa shule 300, Zemlyanika, msimamizi wa hospitali, 400, kisha Bobchinsky na Dobchinsky, wamiliki wa ardhi wa mjini, wanaombwa 1,000 na kutoa 65 tu. Ukibadili sarafu, tunza uwiano. Ukikata wawili kati ya watoaji wa kwanza ili kuokoa muda, kichekesho cha hiyo 65 kinakufa, maana ngazi ya kiasi kikubwa haijajengwa.

Mwishoni Gogol anataka waigizaji wagande karibu dakika moja na nusu. Usiweke muziki hapo. Wape mikao ya kusimama kwa miguu yote miwili, la sivyo watayumba.