Kilo 80 juu ya baiskeli

Swali la wiki: je, mtu mwenye mwili mkubwa anaweza kutamba katika mbio za baiskeli za kulipwa?

Anaweza, ila barabara ndiyo inayoamua. Mtazameni Mswisi Fabian Cancellara: urefu mita 1.86, uzito kilo 80 hivi.

Kwenye tambarare adui ni upepo. Ukifika kilomita 45 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zako inaliwa na hewa. Misuli mikubwa hutoa wati nyingi, na ukiinama vizuri, eneo la mwili linalopigwa na upepo haliongezeki kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana Cancellara alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za kushindana na saa, ambazo kila mmoja hukimbia peke yake, mara 4 (2006, 2007, 2009 na 2010). Mlimani hesabu inageuka, kwa kuwa kila kilo lazima ipandishwe. Jezi ya njano, ya anayeongoza Tour de France (mbio za wiki tatu), aliivaa siku 29, lakini zote kabla milima mikubwa haijapamba moto. Tour yenyewe hakuwahi kuishinda.

Utamu uko kwenye barabara za mawe za Paris–Roubaix, mbio za siku moja huko Ufaransa, alizoshinda 2006, 2010 na 2013. Hapo upepo wa kuhesabu ni ule wa ndani ya tairi. Enzi zake tairi la kawaida lilikuwa la milimita 23. Kwenye mawe lilifungwa la 27 au 28, na upepo ulipunguzwa. Ukijaza mno, gurudumu linadundadunda na kila mdundo ni mwendo uliopotea. Ukipunguza mno, rimu inagonga jiwe na pancha inakungoja. Mengine ni giya nzito, makalio kitini, mikono isiyokaba usukani. Mwembamba hurushwarushwa, mzito hutulia.

Mwaka 2010, kwenye mwinuko wa mawe wa Geraardsbergen katika Tour of Flanders, mbio za siku moja huko Ubelgiji, alimwacha mpinzani wake Tom Boonen bila hata kunyanyuka kitini. Wakazuka wa kusema baiskeli ina mota. Ushahidi hawajauleta hadi leo.

Ajabu kwangu ni mbio za kushindana na saa za Olimpiki ya Rio 2016. Kilomita 54.5 zenye vilima, naye ana miaka 35. Vilima vile vilikuwa vifupi: mzito huvimaliza kabla hajaishiwa, kisha huteremka kama jiwe. Alichukua dhahabu, akimwacha Tom Dumoulin kwa sekunde 47. Wa tatu alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, mwembamba kama ufito.