Wimbo wa Taifa Mnao, Je Wakiosha Vyombo Wanaimba Nini?

Barua za toleo hili zimenipa raha sana, zote zinazunguka jambo moja, nchi ambazo hazipo, muziki wake, vitabu vyake na magemu yake. Nimezipunguza kidogo ili zienee.

Shikamoo dada. Mimi na binamu yangu tumetunga nchi inaitwa Nusubara, tulianza tukiwa darasa la sita na sasa tuna madaftari manne. Ni nchi ya mawe na upepo, haina mti hata mmoja. Tuna ramani, bendera, wafalme 31 na wimbo wa taifa wenye beti 9. Juzi nimemsomea rafiki yangu akasinzia kwenye mfalme wa saba. Tunakosea wapi? (Mtunzi wa Nusubara)

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongera, madaftari manne si mchezo, usitupe hata moja. Shida ninayoiona mimi ni kwamba mmetunga serikali, watu bado hamjawatunga. Wafalme 31 sawa, lakini mfalme wa kubuni anafanana sana na mwenzake, anazaliwa, anapigana, anakufa, anakuja mwingine, wakati yule mama anayeosha vyombo huku anaimba kwa sauti ya chini nitamkumbuka wiki nzima, na mpaka mniambie anaimba nini mimi Nusubara siijui bado.

Angalia Thomas More. Kitabu chake cha Utopia, kuhusu kisiwa cha kubuni chenye jina hilo, kilitoka 1516, kimejaa mambo mazito ya sheria na mali, hata alfabeti ya Kiutopia imo ndani, ila kinachosimuliwa mpaka leo ni habari ya dhahabu. Kule dhahabu ni kitu cha aibu, wanatengenezea vyungu vya kujisaidia usiku na minyororo ya wafungwa, na lulu wanapewa watoto wachezee. Sasa wanafika mabalozi wa nchi nyingine wamejipamba dhahabu na vito mwili mzima, watu wamejipanga njiani kuwaona, wanawapa heshima watumishi waliovaa kawaida wakidhani ndio mabalozi wenyewe, na wale wenye minyororo ya dhahabu wanawapita hivi hivi kama watumwa. Mtoto mmoja anamgusa mama yake, mama tazama lile jitu zima bado linavaa lulu, mama anamwambia nyamaza, huyo nadhani ni mchekeshaji wao. Yaani kwa maneno ya mama na mtoto barabarani nimeshaielewa nchi nzima, sihitaji mfalme hata mmoja.

Kwenye muziki ni hivyo hivyo. Jonathan Swift, kwenye kitabu cha safari za Gulliver cha mwaka 1726, ana kisiwa kinaelea angani kinaitwa Laputa na watu wake hawajali kitu ila hesabu na muziki. Angeweza kuandika hivyo akaishia hapo. Yeye akamkaribisha mgeni mezani, nyama ya kondoo ikaja imekatwa pembetatu yenye pande sawa, bata wamefungwa wakakaa umbo la fidla, soseji zimetengenezwa kama filimbi, nyama ya ndama imekaa kama kinubi! Na kwa vile wakubwa wa kule wanazama kwenye mawazo mpaka wanasahau kuongea, kila mmoja ana mtumishi mwenye fimbo iliyofungwa kibofu kilichojazwa upepo na njegere kavu au vijiwe ndani, akitakiwa kuongea anapigwa kidogo mdomoni, akitakiwa kusikiliza anapigwa sikioni. Mimi kila nikifika pale nacheka peke yangu, halafu nikimaliza kucheka nagundua nimeshaelewa mambo mengi kuhusu kisiwa kile bila kuhutubiwa.

Haya turudi kwenu. Mmesema hakuna mti hata mmoja. Je mmeshafikiria maana yake? Hakuna ngoma ya mbao, hakuna gitaa, hakuna marimba ya mbao, na mkiwapa gitaa mnaivunja nchi yenu wenyewe. Mna mawe na mna upepo. Mawe yanalia vizuri tu, kule Vietnam mwaka 1949 yalipatikana mawe ya kale yaliyochongwa ambayo ukiyagonga kila moja lina noti yake, kwa hiyo hapo mko salama. Upepo ndio utamu wenyewe. Tuseme Nusubara wana mabomba ya mawe yaliyotobolewa juu ya kilima na upepo ndio unayapuliza, basi hakuna mtu anajua shoo itaanza saa ngapi, tangazo linasema njooni upepo ukija, bwana harusi na bibi harusi wamekaa kwenye viti tangu asubuhi, keki imeshakauka, shangazi ameinua kidole amekilowesha mate anasikilizia, halafu jioni upepo unakuja wa nguvu kuliko ulivyotakiwa na wimbo wa taratibu wa kuingia ukumbini unapigwa kwa spidi ya kukimbiza mwizi, maharusi inabidi wakimbie. Hapo rafiki yako hasinzii.

Na ule wimbo wa taifa wa beti 9 msiufute. Watu popote walipo wanajua ubeti wa kwanza, wa pili wanaufuatisha kwa midomo, kuanzia wa tatu kila mtu anamwangalia jirani. Basi wekeni kila kijiji kina mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuujua ubeti wa saba. Anaheshimika, anakaa mbele kwenye sherehe, haruhusiwi kupanda mlima peke yake asije akaanguka nao. Siku akiugua mafua kijiji kizima kinahangaika. Mjukuu wake anaukariri kwa siri ila anakosea neno moja, na miaka mia baadaye lile kosa ndilo limekuwa neno rasmi. Mimi ningesoma daftari zima la huyo bibi au babu wa ubeti wa saba.

Kitu kimoja zaidi, msione aibu kusikiliza muziki wa watu halisi kabla ya kutunga wenu. Ludwig Göransson alipopewa kazi ya muziki wa Wakanda, ile nchi iliyotungwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, kwa ajili ya filamu ya Black Panther ya 2018, alifunga safari hadi Senegal akatembea na mwanamuziki Baaba Maal. Alichotoka nacho ni tama, ile ngoma ndogo ya kwapani, ukiibana inabadilika sauti kama mtu anaongea, akaifanya sauti ya mfalme T'Challa, na filimbi ya Wafulani, watu wa Afrika Magharibi, akampa mpinzani wake Killmonger. Muziki ule ukapata Oscar 2019. Nchi haipo lakini ngoma ipo, kuna mtu aliyejifunza kuipiga, na sikio linalijua hilo.

Dada mambo. Mimi nikicheza Skyrim sipigani, nazunguka nyumba za watu nasoma vitabu vilivyo kwenye rafu. Ndugu zangu wanasema sijui kucheza gemu. Ni kweli? (Msoma Rafu)

Poa kabisa, na si kweli hata kidogo. Gemu lilitoka 2011, na mfululizo wake wa The Elder Scrolls umekuwa na vitabu vya kusomeka ndani yake tangu Daggerfall ya 1996, ni mamia sasa, kuna historia, mahubiri, mashairi, mapishi, hadithi zenye juzuu nyingi, na tamthilia za utani wa chumbani ambazo sitazitaja hapa. Waliokaa wakaandika vile walitaka visomwe, wewe ndiye mgeni waliyekuwa wanamngoja.

Ninachokipenda mimi ni kwamba vitabu vile vinapingana. Huyu anasema vita vilikwenda hivi, mwingine anasema huyo wa kwanza ni mwongo alilipwa, na gemu halikwambii nani yuko sahihi. Ndiyo maana Tamriel, bara la kubuni la magemu hayo, inaonekana kama bara lenye watu kweli, maana watu wakiwa wawili tu stori zinakuwa mbili. Watunzi wa Nusubara mkisoma hapa mnakili hilo, mmoja aandike historia ya mfalme wa saba, mwenzake aandike kitabu cha kumpinga, na msipatane.

Halafu kuna vitabu ndani ya Skyrim ukivifungua mara ya kwanza tu ujuzi wako unapanda, hujasoma neno, umefungua na kufunga na tayari kufungua makufuli unakujua zaidi. Hilo lilinikumbusha tena Swift, kwenye nchi iliyo chini ya kile kisiwa cha Laputa kuna chuo cha mji wa Lagado ambacho mwalimu wake mmoja ametengeneza mashine ya kuandika vitabu. Ni fremu ya futi 20 kwa 20, imejaa vipande vya mbao vilivyobandikwa maneno yote ya lugha yao, pembeni kuna vishikio 40 vya chuma, wanafunzi 40 wanazungusha kwa pamoja, maneno yanajipanga upya, wanasoma mistari wakiona maneno matatu manne yamekaa vizuri wanayaandika. Saa sita kwa siku. Mwalimu amejaza mavitabu makubwa ya vipande vya sentensi na anaamini siku moja yataunganika kuwa elimu yote ya dunia, anachoomba ni hela za kutengeneza mashine nyingine 500. Nimesoma ukurasa ule mara nyingi na kila mara nawahurumia wale vijana na mikono yao.

Ndugu zako waambie majoka hayaendi kokote, yatasubiri umalize juzuu.

Wanaimba nini kwenye gemu la The Sims? Mtoto wangu anaimba kutwa na simwelewi. (Mama Aliyechoka)

Pole mama. Ni Kisimu, kwa Kiingereza Simlish, lugha ya watu wa gemu hilo isiyo na maana, waigizaji walikuwa wanaibuni papo hapo ili neno moja lisirudiwe mpaka likachosha masikio. Wanamuziki wakubwa wamerudia nyimbo zao kwa lugha hiyo, Katy Perry na Lily Allen wamo. Kwa hiyo mtoto wako yuko sawasawa, hata ungemwelewa kusingekuwa na cha kuelewa.

Hivi kuna watu wazima waliowahi kuchanganya nchi ya kubuni na nchi ya kweli? (Mbishi)

Wapo. Tarehe 1 Aprili 1977 gazeti la The Guardian la Uingereza lilitoa kurasa 7 nzima za kuisifia nchi ya San Serriffe, visiwa viwili vyenye umbo la nuktamkato, mji mkuu Bodoni, kiongozi Jenerali Pica, yaani majina yote yametolewa kwenye mambo ya wachapaji na aina za herufi. Waliokuwa wanafanya kazi ya uchapaji walicheka kabla ya chai kupoa, wengine wakabaki wanatafuta kwenye ramani. Na mwaka 2019 tovuti ya wizara ya kilimo ya Marekani iliorodhesha Wakanda kati ya nchi zenye makubaliano ya biashara huru nao, mpaka bata wa Wakanda walikuwa na ushuru wao, wizara ikaeleza ni majina waliyoweka wakati wa kujaribu mfumo, wakayaondoa. Mimi nabaki kuwaza wale bata tu.

Shikamoo dada. Mimi ndiye yule binamu wa Nusubara, najua mwenzangu ameshakuandikia. Mimi nataka nchi yetu iwe na magemu ya vidio yake, yeye anasema yanaharibu uzito wa historia. Tuamue. (Binamu)

Marahaba. Niko upande wako moja kwa moja. Uzito wa historia hauharibiki kwa gemu, angalia The Witcher 3 ya 2015, mzee wa watu anamtafuta binti aliyemlea, binti huyo anawindwa na jeshi linaloonekana kama mizimu, dunia inakaribia kuisha, lakini akikutana na mfanyabiashara njiani anamuuliza, vipi tucheze karata kidogo? Karata hizo zinaitwa Gwent na watu wamezipenda mpaka zikafanywa gemu lake peke yake mwaka 2018. Na kwa kucheza karata na mfanyabiashara ndio unajua nchi ile ina wafanyabiashara wanaoboreka wakingoja wateja, kama wafanyabiashara wote.

Ila usiwape Nusubara gemu la mapanga, mapanga si ndio wafalme 31 walikuwa nayo, watakuwa wameshayachoka. Fikiria watu ambao hawajawahi kuona mti. Vijana wao watatengeneza gemu la mti. Unaanza uko juani, mbele yako kuna mti mmoja, unausogelea taratibu, ukifika kivulini pedi inatetemeka kidogo mkononi na skrini inapoa inakuwa ya kijani. Basi, unakaa. Kila mchezaji ana majani anayoyatambua, anayapa majina, wanabishana usiku kucha lipi litaanguka kwanza, kuna anayedai alikaa siku nne mfululizo akaona ndege, hana picha, hakuna anayemwamini. Wazee wanasema hilo gemu linapotosha vijana maana kitu kama hicho hakipo duniani. Na yule bibi wa ubeti wa saba amenunua kimya kimya, anacheza usiku wenzake wakilala, sauti ameipunguza, jana kwenye gemu pameanza mvua na hajui akimbilie wapi.