Kutafuta dhahabu ya chenga Chunya pasipo maji: kwa wanaoanza

Wengi wanaokuja Chunya na wazo la kupeperusha udongo mkavu huanzia kwa fundi wa kuchomelea. Wanatengenezewa mashine nzuri, wanaibeba hadi porini, halafu wanagundua kwamba udongo wao hauko tayari. Anza na udongo. Mashine yenyewe ni rahisi: juu kuna chekeche, chini yake sanduku lililoinama lenye vizuizi vya mbao, sakafu yake ni kitambaa kinachopitisha hewa, na chini ya kitambaa kuna mvukuto. Hewa ikipiga, mchanga unarukaruka na kuteremka nje. Dhahabu, ambayo ni nzito mara saba hivi kuliko mchanga wa kwatzi, inabaki nyuma ya vizuizi. Aliyewahi kupepeta mpunga kwa ungo ameshaelewa nusu ya kazi. Huko Coolgardie, Australia Magharibi, baada ya dhahabu kuonekana mwaka 1892 watu walipeperusha hivyohivyo, kwa sababu hata maji ya kunywa yalikuwa ya shida.

Sasa, ukavu. Mwezi wa saba juu kunaonekana vumbi tupu, lakini ukichimba kidogo tu unakuta unyevu. Chukua konzi, fumbata kwa nguvu, kisha fungua kiganja. Ukibaki donge, usiupitishe. Udongo mkavu sawasawa unakimbia wenyewe kati ya vidole. Ulionyevu, na hasa wa mfinyanzi, hufunga vidonge vidogo, na kila kidonge kinaweza kuwa kimebeba chenga za dhahabu ndani yake. Vyote vinateremka pamoja na mchanga kwenda kwenye marudio, yaani mabaki yaliyokwisha kupita kwenye mashine. Tandaza kwenye turubai tangu jua limepanda, geuza, ponda madonge kwa kitako cha sululu, chekecha, ndipo upeperushe. Kazi hii inachosha na haina sifa, ndiyo maana watu wanairuka.

Tatizo la pili ni umbo. Chenga za dhahabu mara nyingi ni bapa, na kipande bapa hudandia hewa kirahisi kuliko punje ya mviringo. Kwa hiyo chekecha mara mbili: mawe na kokoto kwanza, kisha mchanga mwembamba upite peke yake kwa hewa ya taratibu. Ukiona mchanga unaruka juu kupita vizuizi, punguza mapigo au punguza mwinamo.

Utajuaje kwamba hupotezi? Nunua risasi za kuzamishia nyavu, kata vipande kumi vidogo kama chenga zako, vigonge viwe bapa, vichanganye kwenye ndoo moja ya udongo, kisha upitishe. Risasi ni nyepesi kuliko dhahabu, kwa hiyo ikibaki yote, dhahabu ya ukubwa huo nayo inabaki. Vikirudi sita, rekebisha mashine kabla ya kulaumu eneo. Nawa mikono baadaye, na vipande vyote viondoe kabla ya kuchoma chochote.

Mahali pa kuchukua udongo: chini ya korongo kavu, pale linapokunja kona au linapopanuka, na hasa kwenye nyufa za mwamba wa chini. Fagia nyufa hizo kwa brashi, usiridhike na koleo. Vichuguu navyo visikupite, kwani mchwa hupandisha udongo wa chini na mara nyingine chenga hupanda nao. Kila sehemu pima kwa ndoo ya lita 20 kwanza.

Yanayobaki nyuma ya vizuizi ni mchanga mweusi mwingi. Funga sumaku ndani ya mfuko wa nailoni, uupitishe juu ya mchanga uliokauka, kisha malizia kwa karai na maji kidogo. Dumu moja linatosha, maana maji yaleyale unayarudia. Hapo ndipo utashauriwa utumie zebaki, inayonasa dhahabu kisha ikachomwa. Mimi sishauri. Kwa kiasi hiki kidogo, karai na subira vinatosha, na moshi wa zebaki unaharibu ubongo na figo za aliyekaa karibu.

Vumbi nalo si la mchezo, kwani silika, madini yaliyomo kwenye vumbi la mchanga na mawe, huua mapafu polepole. Simama upande upepo unakotoka, vaa barakoa ya kuzuia vumbi, kitambaa cha kufunga usoni hakitoshi.

Kuhusu eneo, Lupa, yaani eneo la dhahabu la huku Chunya, imechimbwa tangu miaka ya 1920, na korongo linaloonekana halina mtu mara nyingi lina mwenye leseni. Mtafute, mwandikiane mgao kabla ya ndoo ya kwanza. Dhahabu uiuze kwenye soko la madini pale Chunya, mzani ukiwa mbele ya macho yako.

Mvua zikianza, funika mashine. Tembea makorongoni uone maji yanapungua kasi wapi, weka alama kwenye miti, na mwezi wa sita ukaanzie hapo.