Wasifu wa baba tuliuandika usiku mmoja

Shemeji yangu, mwenye kompyuta na lugha ya ofisini, alikaa sebuleni kwetu Urambo. Sisi watoto sita tukamzunguka, naye akawa anauliza: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, ugonjwa. Saa tisa usiku tukawa na ukurasa mmoja na nusu. Kesho yake ukasomwa chini ya turubai: "Marehemu alishiriki vita vya Kagera. Alikuwa mpole, mcha Mungu na mpenda watu." Mama, aliyekaa mkekani na shangazi zetu, akamnong'oneza mmoja wao, "Huyo mpole ndiyo nani?"

Baba hakuwa mpole. Alikuwa fundi baiskeli mwenye banda chini ya mwembe, na ukimwachia pampu yake juani alikufokea mpaka wapita njia wakasimama. Akishamaliza kufoka, anachukua tyubu, anaitumbukiza kwenye karai la maji na kuizungusha taratibu, sikio kalitega, maana alidai pancha ndogo husikika kabla mapovu hayajaonekana. Anakwangua kwa msasa, anapaka solusheni, anapuliza, anangoja. Subira yake yote iliishia hapo. Wakulima wa tumbaku waliolipa baada ya mauzo aliwaandika kwenye daftari, na wasiolipa hakuwadai. Daftari lile lilikuwa kabatini usiku ule tunahangaika na neno "mpenda watu". Hakuna aliyekumbuka kulifungua.

Kwa hiyo la kwanza ninalokushauri: kabla hujaandika neno la sifa, tafuta kitu chake kinachoithibitisha. Usipokipata, lifute. Na msomee mjane kabla ya kusomea umati.

Siku ya tatu ya matanga akaingia mzee mmoja kutoka Uvinza. Taarifa zilimfikia kwa kuchelewa. Tulimwamkia, akaketi, akaomba maji, akauliza, "Baba yenu alikufa bila kula ndizi?"

Tukatazamana. Nyumbani kwetu ndizi za kupika hazikuwahi kuingia jikoni. Tulijua tu kwamba baba hazipendi, kama wengine wasivyopenda bamia. Mzee akaanza kusimulia. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi letu lilipanuliwa kwa kuingiza mgambo, na yeye na baba walikuwa miongoni mwao. Treni mpaka Mwanza, meli mpaka Bukoba, kisha miguu. Baada ya Masaka, chakula chao kwa majuma kikawa ndizi: asubuhi ndizi, usiku ndizi, mara nyingine mbichi kwa sababu moshi ungewaonyesha walipo. Karibu na kinamasi cha Lukaya, Machi 1979, kijana mmoja wa kundi lao aliondoka kwenda kukata mkungu, hakurudi. Baba ndiye aliyekuwa amemtuma.

Mama akasimama, akaenda uani. Alikuwa ameishi na mtu huyo miaka arobaini na moja.

Sisi tulikuwa tumemuuliza baba habari za vita mara nyingi, lakini tuliuliza vibaya: "Baba, tuhadithie vita." Alijibu kwamba walikwenda, Kampala ikaanguka Aprili, wakarudi. Basi. Nadhani swali pana namna ile linamruhusu mtu kukupa jibu la redioni. Ungemuuliza kwa nini viatu vyake hulala vimeelekea mlangoni, au kwa nini hali ndizi, huenda ungepata kitu. Huenda pia angekufokea, lakini hata hilo ni jibu.

Kama mzee wako bado yupo, Siku ya Mashujaa, Julai 25, ni siku nzuri ya kukaa naye karibu. Wanapoweka mkuki na ngao mnarani, baba alikuwa akizima jiko la chai bandani ili asikie redio vizuri. Mimi siku hizo nilikuwa na haraka zangu. Muulize pia majina ya waliomo kwenye picha, uyaandike nyuma kwa penseli. Yetu moja ina vijana wanne wenye magwanda makubwa kuliko miili yao. Mzee wa Uvinza alituambia watatu, wa nne hamkumbuki. Muulize na mwaka wa kuzaliwa: kitambulisho cha baba kilisema 1954, mama anasema 1956, msalabani tukaandika cha kitambulisho, na mama kila akienda kupalilia analalamika.

Tafuta wenzake mapema, na simu yako iwe na chaji. Yangu ilizima mzee alipofika Lukaya. Ilinibidi nimfuate Uvinza mwezi uliofuata, nikamkuta anasimulia kwa mpangilio mwingine, bila yule kijana. Sikumsahihisha.

Juzi dada alirudi sokoni na mkungu, amepewa zawadi. Mama aliupeleka kwa jirani kabla jua halijazama.