Maswali na Majibu: Dawa ya Minyoo Inapimwa kwa Mayai

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 yumo katika utafiti wa dawa ya minyoo. Kabla ya dawa alitoa choo siku mbili. Sasa wiki tatu zimepita, mzima kabisa, lakini wanataka makopo mawili tena. Kwani hawaiamini dawa yao?
Mama, Wete

JIBU: Hawaiamini mpaka waihakikishe, Mama, na ndivyo inavyotakiwa. Mtoto mwenye minyoo michache hucheza na kula kama kawaida, kwa hiyo uzima wake hautuambii kitu. Kinachohesabiwa ni mayai.

Wiki mbili hadi tatu ndiyo nafasi nzuri ya kupima. Wakiwahi, minyoo iliyoduwazwa na dawa yaweza kuwa imesita kutaga tu, haijafa. Wakichelewa, viluwiluwi, yaani minyoo michanga, vilivyokuwa bado vinasafiri mwilini siku ya dawa vitakuwa vimekomaa na kuanza kutaga, na dawa italaumiwa bure.

Kuhusu makopo mawili: kwa njia ya Kato-Katz, ambapo choo hujazwa kwenye tundu la kibao kidogo kisha mayai yake huhesabiwa kwa hadubini, tundu hilo hubeba miligramu 41.7 tu za choo, karibu uzito wa punje mbili za mchele. Mayai hayakuenea sawasawa ndani ya choo, na idadi yake hubadilika siku hadi siku. Ndiyo maana kila kopo hutengenezewa slaidi (vioo vya hadubini) mbili, jumla nne. Tuseme kabla ya dawa zilionyesha mayai 12, 9, 15 na 8. Wastani ni 11. Zidisha kwa 24, kwa kuwa matundu 24 hufanya gramu moja, unapata mayai 264 kwa gramu. Baada ya dawa zikaonyesha 1, 0, 2 na 1. Wastani ni 1, yaani mayai 24 kwa gramu. Yamepungua kwa asilimia 91, lakini mtoto hajapona. Wangesoma ile slaidi ya sifuri peke yake, wangeandika "amepona". Kipimo hafifu huipa dawa sifa isiyo yake.

Tafadhali usigawe choo cha asubuhi moja katika makopo mawili. Hilo huharibu kazi yote, na kwenye hadubini hakuna atakayelitambua.

SWALI: Niko mafunzoni maabara. Slaidi moja, mimi nimehesabu mayai 31 ya safura, mwenzangu baada ya chakula cha mchana kaona 6. Nani kakosea?
Mwanafunzi, Kwale

JIBU: Saa ndiyo iliyokosea. Gliserini iliyolowesha selofani inayofunika slaidi husafisha choo ili mwanga upite, lakini yai la safura lina ganda jembamba, nalo husafishwa mpaka halionekani. Lisome kati ya dakika 30 na 60 tangu ulipofunika slaidi. Mayai ya minyoo mikubwa ya mviringo na ya minyoo mjeledi husubiri, hata kesho utayakuta. Andikeni saa ya kufunika kwenye ukingo wa kila slaidi, na msitengeneze slaidi nyingi kuliko mnazoweza kusoma ndani ya saa hiyo moja.

Angalieni pia kopo lilikaa wapi. Choo kikishinda kwenye joto, mayai ya safura huanguliwa na hesabu hushuka kabla hata hujagusa chujio. Na tundu lijazwe mpaka ukingoni, bila povu la hewa. Likipungua, ile 24 mnayozidisha haina maana tena.

SWALI: Watoto hupewa dawa ya minyoo, albendazole, kila mwaka skuli. Kwa nini wanajaribu kuichanganya na dawa nyingine?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa sababu ya minyoo mjeledi. Albendazole ya miligramu 400 huimudu vizuri minyoo mikubwa ya mviringo, lakini mjeledi huchomeka kichwa chake chembamba kwenye ukuta wa utumbo mpana na dozi moja haiung'oi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022 liliongeza dawa nyingine ya minyoo, ivermectin, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito (mtoto wa kilo 30 hupata vidonge viwili vya miligramu 3). Pemba walipona asilimia 49, dhidi ya 6 waliopata albendazole peke yake. Laos walikuwa 66 dhidi ya 8.

Cote d'Ivoire ilikuwa 14 dhidi ya 10 tu. Dawa zilezile, dozi ileile! Baadaye uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba minyoo ya kule ni spishi nyingine, ikaitwa Trichuris incognita. Mayai yake yanafanana mno na ya mjeledi wa kawaida, hivyo msomaji wa slaidi hawezi kulaumiwa. Wangejaribu Pemba peke yake, mchanganyiko huu ungepelekwa kule kwa matumaini makubwa, na watoto wangebaki na minyoo yao.