Mwendo wa Mzee Hupimwa, Haukisiwi

Mama yangu ana miaka 74, tunaishi Uyole. Tangu mvua zianze ameanguka mara mbili bila kuumia. Si uzee tu?

Neno "uzee tu" limewavunja nyonga wazee wengi. Aliyeanguka mara mbili ndani ya mwaka anastahili kupimwa, hata kama hakuchubuka. Mwekeeni kiti imara chenye mikono, pimeni mita 3 sakafuni, naye avae viatu vyake vya kila siku, na kama hutumia mkongojo aushike. Ainuke, aende kwa mwendo wake wa kawaida hadi kwenye alama, ageuke, arudi na kuketi, huku mmoja wenu akiwa kando yake tayari kumdaka. Hesabuni tangu anapoanza kuinuka hadi aketi tena: sekunde 12 au zaidi ni ishara ya hatari. Hata hivyo, msikodolee saa peke yake: tazameni kama anajisukuma kwa mikono ndipo ainuke, kama anaburuta wayo, na kama anageuka kwa vihatua vingi akitafuta ukuta. Majibu hayo myapeleke kituo cha afya pamoja na dawa zote anazomeza. Na hizo ndala zilizolika soli, nimeziandika hapa mara ngapi?

Bakora ishikwe mkono upi?

Ulio upande wa pili wa mguu unaouma, na kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, mikono ikiwa imening'inia. Bakora iliyorithiwa kwa babu mrefu ikatwe, kisha ncha ivishwe mpira.

Baba yuko Njombe, anatumia dawa ya presha, na huyumba akiamka usiku kwenda chooni. Aache dawa?

Asiache wala asipunguze bila daktari. Aombe kupimwa presha baada ya kulala dakika 5, kisha akiwa amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, hapo pana jambo. Mara nyingi mzee hupimwa akiwa ameketi kwenye benchi, akasifiwa kwamba presha yake ni nzuri, akarudi nyumbani kuanguka. Kwa sasa aketi kidogo ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, tochi ikiwa karibu, na baridi isimkurupushe. Kama humeza dawa za usingizi, daktari aambiwe, kwa maana nazo huyumbisha.

Babu hatembei vizuri. Nimpe dawa gani?

Tangu lini? Mguu upi? Anameza nini? Barua za namna hii zinachosha. Kama hali imeanza ghafla, upande mmoja umelegea au ulimi umekuwa mzito, usiniandikie mimi. Mpeleke hospitali sasa hivi.

Bibi yetu, Tukuyu, tumemkataza kwenda shambani asije akaanguka. Tumekosea?

Mmekosea. Misuli isiyotumika hunyong'onyea, na mnayemlinda leo mtamnyanyua kesho. Tukuyu mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Mkingoja njia ikauke mtakuwa mmemfunga ndani. Afuatane na mjukuu, khanga ifungwe juu ya kifundo cha mguu, na ndoo aachiwe kijana. Angalieni pia kama hulazimika kusimama kila anapojibu salamu njiani, kwa kuwa mwendo unaomaliza akili yote ya mtu haujamwachia akiba ya kujiokoa anapoteleza. Mpaka atakapopimwa, msimwongeleshe akiwa anavuka kijito.