Kiasi cha Aristotle si nusu kwa nusu
Je, kiasi anachokisifu Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ni kukaa katikati kabisa kila mara? Hapana, si katikati ya hesabu. Ameeleza mwenyewe kwenye kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako: mina 10 za chakula (mina ni kipimo cha uzito cha Wagiriki wa kale) zikiwa nyingi na 2 zikiwa chache, mkufunzi hampi kila mtu 6. Kwa Milo, yule mwanamieleka wa Croton, 6 hazitoshi. Kwa anayeanza mazoezi zinazidi. Hata ushujaa uko karibu zaidi na kujitosa ovyo kuliko na woga. Njia yake: jua unaelemea wapi, kisha ujivute upande wa pili, kama mtu anyooshavyo mti uliopinda. Ila husuda, wizi na uuaji havina kiasi chake, hata kidogo ni kosa.